Waliopima Injini Wakiwa Juu Yake

Mashine nyingi hupimwa zikiwa zimetulia mahali pamoja. Kinu cha kusaga mahindi, pampu ya maji, jenereta ya hospitali: fundi huja na vyombo vyake, akaviunganisha, akasoma namba, akaandika na kwenda zake. Gari moshi ni habari nyingine. Kazi yake ni mwendo, na likisimama stesheni halina kazi ya kupimwa, lina moto na kelele tu. Anayetaka kujua nguvu zake hana budi kwenda nalo. Kwa muda wa miaka 100 na zaidi wahandisi walifanya hivyo hasa. Walipanda mbele kabisa ya injini, kando ya kisanduku cha moshi, ndani ya kibanda kidogo cha mbao, wakachora nguvu za mvuke kwa penseli huku injini ikienda mbio.

Habari hizi nilizipata nikiwa mkufunzi wa fizikia katika chuo cha ualimu, nilipokuwa nikitafuta namna ya kuwaeleza wanachuo maana ya neno "kazi" katika fizikia. Vijana wale walikuwa wepesi wa kukariri kanuni. Ukiwauliza kazi ni nini, wote walijibu kwa pamoja kwamba ni kani mara umbali. Ukiwauliza utaiona wapi hiyo kazi, wakanyamaza. Ndipo nilipoanza kuwachorea ubaoni mchoro wa indiketa, na kwa miaka mingi hilo ndilo somo nililolipenda kuliko yote.

Indiketa ni chombo kidogo ambacho mtu mmoja aweza kukibeba mkononi. Asili yake ni karakana za James Watt na mwenzake Boulton huko Birmingham, Uingereza. Watt alitaka kujua mvuke unafanya nini ndani ya silinda, mahali ambapo jicho haliingii. Akatengeneza silinda ndogo yenye pistoni ndogo inayokandamizwa na springi, akaiunganisha kwa bomba na silinda kubwa ya injini. Mvuke ukipanda nguvu, pistoni ndogo inapanda, ukilegea, inashuka. Mwaka 1796 msaidizi wake, John Southern, akaongeza jambo lililokamilisha chombo: karatasi inayosogea sambamba na mwendo wa pistoni kubwa, na penseli iliyofungwa kwenye pistoni ndogo. Penseli hupanda na kushuka, karatasi huenda na kurudi, na mzunguko mmoja ukikwisha panabaki mchoro uliofungwa, wenye umbo linalofanana na kiatu kilicholala. Boulton na Watt waliificha siri ya chombo hiki kwa miaka kadhaa, na siwalaumu. Kilikuwa sawa na mtu kuweza kusoma barua ya mwenzake bila kufungua bahasha.

Eneo lililo ndani ya mchoro ule ndiyo kazi. Nilikuwa nawaambia wanachuo wapake rangi ndani ya kiatu, kisha nawaambia: rangi hiyo ndiyo mnayoitafuta. Hapo kwanza wahandisi walilipima eneo hilo kwa kuligawa vipande vipande na kutafuta wastani. Baadaye, mwaka 1854, Mswisi aitwaye Jakob Amsler akabuni planimita, kifaa chenye mkono unaofuatisha ukingo wa mchoro na gurudumu dogo linalotoa jibu. Ukishapata wastani wa shinikizo, mengine ni hesabu ya darasani. Chukua injini yenye wastani wa pauni 60 kwa kila inchi ya mraba, pistoni yenye eneo la inchi za mraba 300, na mwendo wa futi 2. Magurudumu yakizunguka mara 120 kwa dakika, pistoni inasukumwa mara 240, kwa sababu mvuke huisukuma kwa pande zote mbili. Zidisha vyote, upate 8,640,000. Gawanya kwa 33,000, namba aliyotuachia Watt mwenyewe, upate nguvu za farasi karibu 262 kwa silinda moja. Injini ya silinda mbili basi ina farasi 520 na kitu.

Lakini mchoro ulikuwa na mengi zaidi ya namba hiyo. Umbo lake lilisema ugonjwa wa injini. Kama vali ilichelewa kufunguka, bega la kiatu lilishuka mteremko badala ya kusimama wima. Kama mvuke uliokwisha kazi ulikuwa unakwama njiani ukienda nje, wayo wa kiatu uliinuka, na maana yake ni kwamba injini inatumia sehemu ya nguvu zake kusukuma pumzi yake yenyewe. Mhandisi mzoefu aliitazama karatasi kama mganga mkuu anavyotazama picha ya kifua, akasema hapa pana tatizo, rekebisha pale.

Tabu ilikuwa katika kuipata hiyo karatasi. Silinda za injini nyingi ziko mbele, na bomba la indiketa halikufaa kuwa refu, maana mvuke hupoa na kuchelewa njiani na mchoro ukasema uongo. Kwa hiyo mtu alipaswa kukaa palepale zilipo silinda. Walijenga kibanda cha mbao juu ya mwamba wa mbele wa injini, pande zote mbili za kisanduku cha moshi, na ndani yake wakaingia watu wawili au watatu na vyombo vyao. Mgongoni wana chuma cha moto, usoni wana upepo wa mwendo wa maili 60 kwa saa, miguuni wana mtikisiko usiokwisha. Injini ikiingia katika handaki, moshi na joto huwafunika. Uzi unaovuta karatasi umefungwa kwenye mtambo unaokwenda na kurudi mara mbili tatu kwa sekunde moja, na mtu anapaswa kuuunganisha kwa mkono, kugusisha penseli kwa muda mfupi sana, kuiondoa, kubadilisha karatasi, kuandika namba na saa, kisha kujiandaa kwa kengele ijayo.

Kengele hiyo ilitoka nyuma. Jaribio la namna hii halikuwa kazi ya mtu mmoja. Nyuma ya injini lilifungwa behewa la vipimo, na mkuu wa jaribio alikaa humo. Akibonyeza kengele, kila mtu alisoma chake kwa wakati mmoja: wa mbele alichukua mchoro, aliyesimama na dereva aliandika shinikizo la boila, kimo cha maji, na mahali ulipo mkono wa kuruhusu mvuke, wa kwenye behewa aliweka alama kwenye karatasi ndefu iliyokuwa ikijiviringisha. Makaa yalipimwa na kutiwa katika magunia kabla ya safari, ili ijulikane yametumika mangapi. Usomaji wa mmoja usiokuwa wa wakati mmoja na wenzake haukuwa na thamani. Hilo nalo nililisisitiza sana darasani.

Behewa la vipimo lina historia yake, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni hadithi inayonichekesha kila niikumbukapo. Aliyelianzisha si fundi wa reli bali ni mtaalamu wa hisabati, Charles Babbage, yuleyule anayetajwa siku hizi kuwa babu wa kompyuta. Katika miaka ya 1838 na 1839 kampuni ya reli ya Great Western ilimpa behewa. Akatoa viti vyote, akaweka meza ndefu isiyogusa kuta za behewa, akapanga kalamu kadhaa juu ya karatasi iliyokuwa ikijivuta yenyewe kadiri gari linavyokwenda. Kalamu moja iliandika nguvu ya mvuto, nyingine mtikisiko wa kwenda juu na chini, nyingine wa pembeni.

Jumapili moja alitaka kutoka na behewa lake, akaambiwa hakuna hatari kwani siku hiyo njia yote ni tupu. Kabla hajaondoka akasikia mlio wa injini kwa mbali. Akaambiwa haiwezekani. Akasisitiza kwamba masikio yake yanasikia injini. Muda si muda ikatokea injini peke yake ikija kwa kasi ya maili 50 kwa saa, na juu yake yumo Isambard Brunel, mhandisi mkuu wa reli ile, aliyekuwa amekosa treni yake akaamua kujichukulia usafiri. Babbage akamwuliza angefanya nini kama wangekutana katika njia moja. Brunel akajibu kwamba angefungulia mvuke wote ili kwa kasi yake amwondoe mwenzake relini. Naam, huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa njia. Babbage alitoka katika kazi ile na rai moja: kwamba kila treni ingekuwa na kalamu zake za kujiandikia, ili ajali ikitokea pawepo shahidi asiyeweza kuhongwa. Hakusikilizwa. Wazo hilo limekuja kutimia katika ndege na treni za zama zetu.

Jambo kubwa ambalo kibanda cha mbele na behewa la nyuma vilifundisha kwa pamoja ni hili. Kibanda kilipima nguvu inayozaliwa katika silinda. Behewa lilipima nguvu inayofika kwenye kulabu, pale mzigo unapofungwa. Namba hizo mbili hazilingani kamwe. Tofauti yake ni nguvu ambayo injini inaitumia kujibeba yenyewe: uzito wake, misuguano yake, upepo unaoipiga kifuani. Injini ikienda mbio sana, tofauti hiyo inakua mpaka kinachobaki kwa ajili ya mzigo ni kidogo. Nimewahi kuitumia hesabu hii kwenye kikao cha walimu, tulipokuwa tukijadili fedha za shule na kiasi gani kinachofika mezani kwa mwanafunzi baada ya ofisi kujilisha. Wengine walicheka, wengine hawakucheka.

Tarehe 3 Julai 1938 injini ya Kiingereza iitwayo Mallard ilifikia maili 126 kwa saa, na hakuna injini ya mvuke iliyoivuka kwa kipimo kilichokubaliwa. Watu hukumbuka jina la injini. Lakini dai lile lilisimama kwa sababu nyuma yake palikuwa na behewa la vipimo na karatasi iliyoandikwa. Majigambo ya kasi yasiyo na karatasi yamekuwepo mengi, Marekani hasa, na yamebaki majigambo.

Je, huku kwetu? Msomaji huenda akashangaa kusikia kwamba katika Afrika Mashariki watu walikaa mbele ya injini pia, ila kwa shughuli nyingine. Reli ya Uganda, iliyojengwa kutoka Mombasa kuanzia 1896, iliweka benchi mbele ya injini kwa ajili ya wageni wakubwa, watazame wanyama wa tambarare. Winston Churchill alikaa hapo mwaka 1907. Mwaka 1909 akakaa Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, pamoja na mwindaji Selous. Mahali palepale ambapo huko kwao mhandisi alikuwa akiungua mgongo akichukua vipimo, huku mgeni alikaa na darubini akihesabu pundamilia. Sisemi kwamba haikuwa burudani nzuri.

Hata hivyo reli zetu zilikuwa na sababu kubwa ya kujua nguvu za injini zao. Kutoka Mombasa usawa wa bahari hadi Nairobi ni mpando wa zaidi ya mita 1,600 katika kilomita 530 hivi. Dereva aliyepewa mabehewa mawili zaidi ya uwezo wa injini yake alikwama mlimani, na treni zote za nyuma zikakwama naye, maana njia ni moja. Ndiyo maana Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa 1948 kwa kuunganisha reli za Kenya na Uganda na zile za Tanganyika, liliagiza injini za aina ya Garratt za daraja la 59. Zilijengwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, zikaja 1955 na 1956, jumla yake 34. Kila moja ilikuwa na tani 252, mitambo miwili ya magurudumu, mmoja mbele na mmoja nyuma, na boila moja katikati. Katika njia za upana wa mita moja dunia nzima haikupata kuwa na injini za mvuke zenye nguvu kuzizidi.

Baadaye injini hizi zilivishwa dohani ya ajabu, nyembamba na bapa kama kitabu kilichosimamishwa, iliyobuniwa na Mwaustria, Dakta Giesl-Gieslingen. Shabaha yake ilikuwa ileile ya wayo wa kiatu niliyoitaja: mvuke utoke kwa urahisi, lakini wakati huohuo uvute hewa ya kutosha motoni. Mabwana wa benchi la mbele wasingeliona tatizo hilo hata wangekaa hapo mwaka mzima. Ilikuwa ni siri iliyofichuliwa na penseli.

Injini mbili za daraja hilo ziko katika jumba la makumbusho la reli Nairobi, zikiitwa Mount Gelai na Mount Shengena. Milima hiyo yote miwili iko Tanzania. Iko hapo pia injini ya daraja la 30 yenye jina la Wanyaturu wa Singida. Jumuiya ilipovunjika 1977 kila nchi ilibaki na kilichokuwa upande wake, na majina hayakuulizwa yanatoka wapi.

Siku hizi vipimo vinachukuliwa kwa namna nyingine. Mapema mwaka 2024, treni ya umeme ya njia mpya ilipojaribiwa kati ya Dar es Salaam na Morogoro, tulionyeshwa katika televisheni watu wamekaa vitini kwa utulivu. Treni ya namna hiyo inajipima yenyewe. Lakini wahusika walikuwa ndani yake, na treni ilikuwa inakwenda.

Ninasema hivyo kwa sababu sisi wa Nachingwea tuna habari ya kipimo cha namna nyingine. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilileta Tanganyika ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, kuangalia kama karanga zinaweza kulimwa kwa wingi ili Waingereza wapate mafuta ya kula. Ujumbe ulitumia wiki 9. Sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka katika ndege. Mpango waliouandika ulikuwa na mashamba 107, kila moja ekari 30,000, na zaidi ya nusu yake, mashamba 55, yalipangiwa Jimbo la Kusini. Shauri la kuanza kwanza na shamba dogo la majaribio lilikataliwa, kwa kuwa kulikuwa na haraka. Kongwa, walikoanzia, udongo uligeuka saruji wakati wa kiangazi na mvua haikuwa ile iliyotarajiwa. Januari 1951 mpango ukafutwa, na pauni milioni 36 zikafutwa nao katika vitabu.

Kinyume na hayo, karanga zetu za Kusini hazikuwa zimepandwa bado, lakini reli yake ilikuwa tayari. Ilianza Mkwaya, kwenye mkono wa bahari wa Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Halafu ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara, iliyofunguliwa 1954, na baadaye ikatolewa tawi la kwenda Masasi. Injini zilizoletwa zilikuwa nzima. Mabehewa yalikuwa mazima. Mimi mwenyewe nikiwa mtoto nilitoka Mkotokuyana kwa miguu na baba yangu mdogo kwenda kuliona gari moshi Nachingwea, na nakumbuka kwamba lilikuwa safi kuliko kitu chochote nilichokuwa nimekiona.

Katika miaka yangu ya kwanza ya ualimu nilimjua mzee mmoja, marehemu sasa, aliyefanya kazi kwenye injini za njia hiyo. Hakuwahi kusikia habari za indiketa. Lakini alijua kwamba injini ya silinda mbili hupiga mapigo manne kila gurudumu likizunguka mara moja, na kwa kusikiliza mapigo hayo alitambua kama vali zimekaa sawa, kama mzigo ni mzito, na kama kilima kitashindikana. Pigo moja likiwa dogo kuliko wenzake, alisema, injini inachechemea. Nilimchorea kile kiatu ardhini kwa kijiti, nikamweleza bega na wayo. Akakitazama kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole kwenye wayo akasema, "Hapa ndipo inapokohoa." Sijapata mwanachuo aliyeelewa kwa haraka namna hiyo.

Nikamwuliza reli ile ilikuwaje katika miaka yake ya mwisho. Alisema walikuwa wakiondoka Nachingwea na mabehewa machache, mengine matupu, na injini haikoromi hata kwenye mpando, inapumua tu kama mtu aliyelala.

"Ilikuwa inajibeba yenyewe, mwalimu," alisema.

Njia ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vyuma vyake vikang'olewa.